Mlio wa Gurudumu Zima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya reli hapa Lubunga, Chef alinipa nyundo yenye mpini mrefu akanionyesha behewa lililosimama. Ilikuwa miezi michache baada ya uhuru. Wazungu wengi walikuwa wameshavuka mto na kwenda zao, na yeye, aliyekuwa msaidizi wao miaka yote, sasa alikuwa mkuu wa karakana. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari, kalamu bado iko kwenye mfuko wa shati.

"Piga gurudumu," alisema. Nikapiga.

"Unasikia nini?"

"Chuma, Chef."

Mafundi waliangua kicheko. "Chuma, hata mbuzi anasikia!" Chef alisema. "Mi nakuuliza, iko muzima ao iko mugonjwa?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu, vijana. Kabla treni haijaondoka, mkaguzi alipita behewa kwa behewa akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hutoa mlio mwembamba, ngiiing, unaokwenda ukififia hadi uishe. Lenye ufa hujibu tok, kama chungu kilichopasuka, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Hatukuwa na mashine ya kupima. Tulikuwa na nyundo na masikio, na nyuma yetu abiria wakingoja na mabunda yao ya makayabu, samaki wa chumvi, na kwanga, mikate ya muhogo.

Nilijifunza kwa mwaka mzima. Kisha wakanipeleka Ubundu, mahali ambapo reli inaishia na safari inaendelea kwa maji. Mkuu wa stesheni kule alipenda kazi isiyo na maneno. Nikimaliza kugonga, alinyanyua kofia tu kuniuliza, nami nikanyanyua yangu kumjibu kwamba treni iende. Nilimpenda mzee yule. Lakini mimi sikai mahali pamoja. Nikaomba kuhamia Kindu, nikapata, halafu nikaomba kurudi nyumbani.

Nilirudi Lubunga na uasi ukafika mjini. Asubuhi moja bomu lilianguka karibu na ukuta wa karakana. Sikuumia hata ukucha. Nilipoinuka kwenye vumbi, masikio yalikuwa yakilia: ngiiing. Juma hilohilo nikashikwa na homa, nikameza kinini, ile dawa chungu ya malaria, na kila mtu hapa anajua kwamba kinini huvuma masikioni. Mke wangu, Feza, mama wa binti yetu Zaina, alinipa maji akasema, "Papa Zaina, iko kinini tu, itapita." Nikaamini. Homa ikaisha, kinini kikaisha, mlio ukabaki.

Sikumwambia mtu. Mkaguzi mwenye masikio mabovu ni kama dereva kipofu. Nilijua wataninyang'anya nyundo, na bila nyundo ile sikujua mimi ni nani.

Vita vilipotulia, treni zilianza tena kwenda Ubundu. Siku moja ya soko, akina mama walikuwa wameshajaa ndani.

"Eh, papa wa nyundo!" mmoja aliniita dirishani. "Tunaondoka leo, ao tujenge nyumba hapa?"

"Jenga, mama, nami nitakuja kula pondu!"

Wakacheka, nikacheka, nikagonga gurudumu lililokuwa chini ya dirisha lake. Ngiiing. Zima. Nikasogea mbele.

Chef alikuwa akija nyuma yangu, mikono mgongoni. Akasimama. "Rudi hapa. Gonga hii tena."

Nikagonga.

"Unasikia nini?"

"Iko muzima, Chef. Inaimba."

Alichukua nyundo, akagonga mwenyewe, kisha akaushika mkono wangu na kuubandika kwenye chuma. Akagonga tena. Chuma kilishtuka chini ya kiganja changu kikafa papo hapo, bila mtetemo mrefu wa gurudumu zima: lilikuwa na ufa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mlio wa sikio langu ulikuwa sauti ileile ya gurudumu zima. Kwangu mimi, kila gurudumu lilikuwa likiimba.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu bomu. Nilifikiri iko kinini."

"Kinini ya mwaka muzima? Ulimeza muti wote na mizizi yake?" Hakucheka. Alimwambia mama yule na wenzake washuke, behewa likavutwa pembeni, na wao wakanitukana mimi kwa ucheleweshaji. Niliyapokea matusi yale kama baraka.

Nilimkabidhi nyundo. Akairudisha mkononi mwangu.

"Masikio ilikudanganya," alisema. "Mukono haina kinini. Toka leo, kila gurudumu, piga na ushike. Na ukiona mashaka, unaniita. Ukinificha tena, nitakufukuza mimi mwenyewe."

Nilifanya hivyo miaka iliyofuata, nikigonga kwa mkono wa kulia na kusikiliza kwa wa kushoto. Hakuna gurudumu bovu lililonipita tena. Lakini usikivu wangu ulizidi kupungua, na kabla sijafika miaka hamsini wakaniambia inatosha, nipumzike.

Kupumzika ndiko kulikonishinda. Mahali penye kimya mlio ulijaza nyumba nzima. Nilitembea mpaka Yanonge, kule chini mtoni, nikakaa kwa wavuvi, kwa sababu maji na kelele zao vilinisahaulisha kidogo. Feza akachoka kunitafuta. Alinirudisha nyumbani, akanipandisha mtumbwi, pirogi, tukavuka mpaka zahanati moja ng'ambo, nikapimwa, nikawekewa kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio.

"Kitafuta huu mlio?" nilimuuliza muuguzi.

"Hapana, papa. Haiko dawa. Sikio yako inakosa sauti ya inje, ndiyo maana inashikilia ya ndani. Aparei hii ya sikio itakuletea ya inje. Kuna batu inasaidia sana, kuna batu kidogo tu. Vaa kila siku, usikate tamaa."

Juma la kwanza nilitaka kukitupa mtoni. Vijiko viligombana, karatasi zilipiga radi. Nilivaa saa chache, nikaongeza, na kila nikikivua nilikihifadhi ndani ya kopo la mchele mkavu, maana unyevu wetu huu hauhurumii kitu. Redio niliiacha ikinong'ona mchana. Polepole sauti za nje zilichukua nafasi yao, na ile ya ndani ikarudi nyuma kama mgeni aliyeambiwa akae kwenye kiti cha pembeni.

Mwezi uliopita nilipita karakana. Chef ameshafariki, lakini mkaguzi wa sasa ananijua, akanipa nyundo. Niligonga gurudumu la behewa lililosimama, nikaweka kiganja. Ngiiing, nje na ndani kwa pamoja.

"Iko muzima, papa?" aliuliza.

"Ngoja," nikamwambia.

Mlio wa chuma ulififia polepole chini ya vidole, ukaisha. Wa sikioni ukabaki peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu bomu lile nilijua, kwa sikio langu mwenyewe, upi ulikuwa wa gurudumu. Gurudumu la kweli hunyamaza.

"Iko muzima," nikasema, nikamrudishia nyundo yake.