Bakuli Lisilo na Jina

"Dada Verlene, hivi hilo bakuli litakaa dirishani mpaka Yesu arudi?"

Swali hilo Verlene Cathcart aliulizwa na jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Ernestine Tubbs, asubuhi moja walipokuwa wakifagia kila mtu baraza lake. Ernestine alikuwa mtu wa utani, akauliza huku anacheka. Verlene hakucheka. Aliegemea fagio lake, akamkazia macho mwenzake.

"Litakaa mpaka mwenyewe alifuate. Kwani linakuwasha?"

"Mimi? Liniwashe kwa lipi! Haya, kaa nalo. Jua likizidi ulivalishe kofia."

Ernestine akaingia ndani. Verlene akaweka moyoni kwamba ameingia kabla ya kumaliza kufagia.

Katika mji ule mdogo wa Tarrow, huko Georgia, hapakuwa na mtu asiyelijua bakuli lenyewe. Lilikuwa la kuokea, la kioo cha buluu chenye maua meupe, na lilisimama kwenye dirisha la mbele, linatazama barabara. Lilifika nyumbani mle wiki ile alipouawa Lonnie.

Lonnie alikuwa mdogo wake Verlene. Mama yao alifariki mapema, na Verlene ndiye aliyemlea kwa kupiga pasi nguo za watu. Baadaye Mungu alimpa kijana sauti, na sauti ikampeleka mbali. Marekani nzima ilimjua kama Lonnie Cathcart, mwimbaji wa Injili, ambaye watu walizima majiko yao Jumapili ili wamsikie redioni. Lakini mtaani kwao alikuwa Karanga, basi. Alizaliwa na kichwa kilichobonyea katikati kama ganda la karanga, na jina likamganda.

Mchana ule wa mvua alikuwa amekuja kupumzika, amelala kwenye kochi. Verlene alikuwa jikoni anamenya viazi vitamu vya pai. Sauti ikaita kutoka langoni: "Karanga! We Karanga, hebu toka nje!" Mvua ilikuwa inapiga bati, na sauti ikapotea humo, isijulikane ni ya nani. Lonnie akacheka, akatoka pekupeku. Kisha ukasikika mlio mmoja wa risasi.

Magazeti ya miji mikubwa yaliandika mengi. Wengine walisema ni wivu wa waimbaji wenzake, wengine wakasema ni mambo ya mikataba ya santuri. Verlene aliyasoma yote, akatikisa kichwa. Huko New York nani alimjua Karanga? Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeita alikuwa mtu wa mtaa.

Sasa kwao, mtu akifiwa, chakula huingia kabla machozi hayajakauka: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, keki. Na kila mwanamke hubandika plasta chini ya chombo chake akaandika jina, ili msiba ukipita kioshwe na kurudishwa mlangoni kwake. Baada ya mazishi Verlene aliosha vyombo vyote, akavizungusha nyumba hadi nyumba na kushukuru. Likabaki bakuli la buluu. Lilikuja na makaroni ya jibini, limefunikwa foili. Akaligeuza. Chini hapakuwa na kitu.

Mwenye mikono safi huogopaje kuandika jina lake? Swali hilo lilimkosesha usingizi. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama na bakuli mkononi.

"Mwenye chombo hiki anamjua aliyemwita ndugu yangu," alisema. "Na aje alichukue mbele za Mungu."

Wanawake walitazama viatu vyao. Hakuja mtu, na tangu siku hiyo bakuli likakaa dirishani, na Verlene akakaa nyuma ya pazia. Akipita mtu akaliangalia, alimshuku kwa kuliangalia. Akipita asiliangalie, alimshuku zaidi. Kwenye karamu za kanisa alikuja na chakula chake kwenye mkoba.

"Dada Verlene," Shemasi Purvis alimwambia, "onja basi huyu kuku. Hana sumu, ana pilipili tu."

"Kuku simwogopi, Shemasi. Namwogopa aliyemkaanga."

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. Miaka ikaenda hivyo. Alisali asubuhi na jioni, naye alisali jicho moja liko wazi, Mungu amsamehe.

Kisha Ernestine akateleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Binti yake alikuwa Detroit, na kina mama wa kanisa wakapangiana zamu za kumpikia. Zamu ya Verlene ilipofika alivuka barabara kwa shingo upande. Alikuwa hajakanyaga jiko lile tangu msiba.

Aliinama kutafuta sufuria kwenye kabati la chini. Nyuma kabisa, mkono wake ukagusa kioo. Akakivuta. Kilikuwa kifuniko cha buluu chenye maua meupe, na juu yake plasta iliyogeuka manjano: *E. Tubbs*.

"Umeipata sufuria, mpenzi?" Ernestine aliita kutoka kitandani.

Verlene akaingia chumbani na kifuniko.

"Hiki ni nini, Ernestine?"

Ernestine alikitazama. "Unakijua."

"Sema wewe."

"Nilipika ninalia, Verlene. Jina nikalibandika kwenye kifuniko. Makaroni yakafura, kifuniko kikakataa kukaa, nikatia foili nikakimbilia kwako. Nilikuwa nije kulichukua. Kabla sijaja, ukasimama kanisani."

"Ungesema!"

"Niseme nini? Ulishatangaza kwamba mwenye bakuli ni mwenzake muuaji. Nani angenyoosha mkono? Wewe ungenyoosha?"

"Na yale maswali yako ya barazani?"

"Nilikuwa naomba siku moja uniambie, 'Lichukue basi, linanijazia dirisha.' Ningelichukua kwa mbio."

Verlene akavuta kiti. "Dirisha lako linatazama lango langu. Siku ile uliona nini?"

"Niliona mwavuli mweusi. Nikawaambia polisi, wakaandika, wakaenda zao. Mtaa huu nani hana mwavuli mweusi? Hata wewe unao."

Verlene aliupekua uso ule kama mtu anayechagua mchele. Aliona machozi. Lakini machozi hata mwongo anayo. Jambo la kumhakikishia hakuliona, na akatambua kwamba hata aliyekaa nyuma ya pazia maisha yake yote asingeliona.

Akarudi kwake bila kuaga. Akalitoa bakuli dirishani, akaliosha, akapika makaroni humo. Alipolivusha barabara lilikuwa na kifuniko chake. Akapakua sahani moja, akampa mgonjwa.

Ernestine akaishika, asile. "Anza wewe."

"Nianze mimi kwa nini?"

"Nani ajuaye umetia nini? Nami nina haki ya kushuku kidogo."

Verlene akamtazama. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Akachukua kijiko, akala kwenye sahani ya mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu Lonnie azikwe, alikula kilichopakuliwa nyumbani kwa mtu.

Aliyeita langoni hajajulikana hadi leo. Mvua ikinyesha Verlene bado alihesabu miavuli, na zipo siku alimtazama Ernestine mara mbili. Lakini dirisha lilibaki tupu, na zamu ya kupika aliiendeleza hata mgonjwa alipoanza kutembea kwa fimbo.

Alipozeeka na kuona siku zake zimekaribia, alimwita mke wa mchungaji amwandikie maneno ya msiba wake. Nyimbo hakuchagua, jeneza hakutaja. Alisema hivi:

"Mkileta chakula, kila mtu aandike jina lake chini ya bakuli. La Ernestine mliandike ninyi, maana yeye husahau. Na likibaki lolote lisilo na jina, lioshwe, apewe mwenye kuhitaji, asiulizwe mtu."