Kufuli la Elodia

Katika mji wetu wa San Ramón, ita Ramón sokoni, watageuka wanaume tisa. Wazazi walimwachia mtakatifu Ramón, mlinzi wa mji, kazi ya kuwatafutia watoto majina, wakapumzika.

Kazi yake nyingine ni kunyamazisha wambeya. Ukichoshwa na mdomo wa mtu, unaandika jina lake kwenye utepe, unaufunga kwa kufuli kwenye vazi la sanamu yake kanisani, ufunguo unautupa mtoni.

Elodia, fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na mbili, amewashonea mabibi harusi wengi wa hapa. Yeye mwenyewe alikuwa akimngoja Ramón mwoka mikate, mtu mwema lakini mzito wa kusema. Miaka sita alimchagulia mkate ulioiva vizuri, akakohoa, yakaishia hapo. Mwaka jana Ramón kinyozi akaanza kutangaza kwamba hao wawili wataoana kabla ya Krismasi. Elodia akaogopa maneno yale yatamtimua yule mwoga. Akanunua kufuli kubwa, akaandika utepe kwa mkono wake: Ramón.

Mwanamke aliyepima viuno vya mji mzima bila kukosea hata inchi, akasahau kuandika Ramón yupi.

Kinyozi haingii kanisani. Mwoka mikate hakosi misa. Aliutambua mwandiko, akadhani ameambiwa anyamaze, yeye ambaye hakuwahi kusema kitu. Tangu hapo akawa anamhudumia Elodia macho chini.

Aliyeieneza habari hiyo ni kinyozi, bila shaka. Elodia akamfuata dukani kwake, nami nikiwa kwenye kiti na povu shavuni.

"Kufuli lile ni lako wewe," alimwambia. "Haya, kamwambie mwenzio. Kusema unajua wewe."

Kinyozi aliweka wembe chini. "Langu mimi? Mimi niliyekuwa nakutafutia mume?"

Tangu siku ile hamtaji Elodia wala mtu mwingine yeyote. Tunanyolewa kimya kama msibani.

Ikabaki Elodia avuke barabara aseme mwenyewe. Nilimsihi. Akaniambia mwanamke hatongozi, akanituma mkate. Huu ni mwezi wa nane nikitumwa. Mwoka mikate huniuliza kama fundi ni mzima. Nikirudi, fundi huniuliza kama ameulizwa. Roho inaniuma. Ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja, ila Elodia amenikataza, kufuli bado liko kanisani, na mimi pia naitwa Ramón.