Filamu za Fundi Cherehani

Fundi wetu wa cherehani huongea akiwa na pini tano mdomoni, na hajameza hata moja, ingawa filamu anazotazama zinamtia majaribuni. Runinga ameiweka sebuleni, mbele ya cherehani yake ya umeme, na mashine hiyo inanguruma kiasi kwamba hasikii neno la mtu yeyote kwenye filamu. Hilo halijamzuia kutoa hukumu. "Ya juzi takataka," aliniambia jana akinipima mabega. "Jambazi kapigwa risasi, kaanguka kwenye matope, kaamka na shati limenyooka. Kapigia pasi wapi, kaburini?" Katika filamu nyingine, fundi alimkataa kabisa mfalme kwa sababu joho lake lilikuwa na zipu. Kisha akafika kwenye ile ya mwanamke anayeagana na mumewe kwenye kituo cha treni. Mimi pia nilikuwa nimeitazama, tena na sauti, nikamwambia yule si mumewe, ni kaka yake, wanasema tangu mwanzo. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Kaka gani anakufungia vifungo vya koti mpaka cha mwisho, taratibu vile, na treni inaondoka?"

Kutoka chumbani mume wa fundi aliuliza soksi zake ziko wapi. Fundi alimwambia ziko miguuni kwake, akanigeuza, akanipima mgongo.

"Filamu mbovu," akasema. "Leo nairudia, na cherehani siizimi."