Madafu ya Shangazi

Mama alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, nesi alitwambia maji anywe kwa kipimo, na madafu asionje kabisa: yana madini ambayo figo zake haziwezi tena kuyatoa, na yanaweza kuusimamisha moyo. Nilibishana naye. Mimi nimekua nikiambiwa madafu ndiyo yanayoosha figo!

Ijumaa shangazi akaja kutoka Chwaka kumkagua wifi yake, na kikapu cha madafu. Akakata moja. “Kunywa, wifi, hii dawa.”

Nikamweleza. Akanuna. “Yaani nnatoka nayo shamba, mnanirudishia?”

Kwetu kukataa cha mkagua mgonjwa ni tusi. Nikababaika, nikalipokea dafu, nikalinywa mimi mpaka tone la mwisho. Mama, aliyemaliza maji yake ya siku tangu adhuhuri, alikuwa akilitazama koo langu.

“Matamu?” akauliza.

Ningesemaje? “Yamechacha, mama.”

Mama akatabasamu. Shangazi akabeba kikapu chake, akatoka bila ya kuaga. Mpaka leo sijui siku ile nilimkosea nani.