Jani la Mgomba Kwenye Benchi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dresa katika zahanati moja upande wa Nyamira. Wachuma chai na wapasua mbao waliniletea migongo yao, nami nikawapapasa, nikawainamisha, nikawainua miguu, kisha nikauliza maswali niliyofundishwa. Aliyeona haya nilimtania: mficha uchi hazai.

Siku moja akaja mpasua mbao wa rika la baba yangu. Kwetu Wagusii mtu wa rika la baba ni baba, unamwita tata, na kati yenu kuna chinsoni, heshima isiyowaruhusu kutajiana mambo ya mwili. Kiuno kilimuuma na miguu ilianza kufa ganzi. Swali lililofuata lilikuwa la mkojo: je, unamtoka bila yeye kujua? Jibu la ndiyo lingemaanisha hospitali siku hiyohiyo. Nikalimeza. Chumba cha pili alikuwemo mwenzangu, mtu wa pwani, ambaye angeuliza bila taabu. Sikumwita. Nikampa mzee aspirini na dawa ya kuchua.

Wiki iliyofuata alirudi asubuhi, jua likiwaka. Alikuja na jani la mgomba, akalitandika kwenye benchi kabla ya kuketi. Nikadhani ni usafi tu. Mguuni alikuwa na akala moja ya mpira wa gari. Ya pili, alisema, hakujua imebaki wapi.

Nikamlaza kitandani.

"Tata, fumba macho. Nikikuchoma kwa pini, uniambie."

Nikachoma kidole, unyayo, kisigino. Alitulia kama mtu anayeombewa. Hata kuku waliokuwa wakiparura nje sikuwasikia tena.

"Anza basi, mwanangu," akasema.

Pini ilikuwa imesimama ndani ya nyama. Niliogopa, nikageuza uso nisimtazame, na macho yakaangukia lile jani kwenye benchi. Lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa siku tatu.

Ndipo nikamwita mwenzangu. Tukampeleka Kisii kwa lori la majani chai, na huko wakasema tumechelewa. Alirudishwa nyumbani amebebwa.

Nilikwenda kumwona. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu imefunikwa blanketi, akilitazama shimo lake la kupasulia mbao ambamo majani yalikuwa yameanza kuota. Tukasalimiana kwa adabu zote.

"Nililitandika lile jani mbele yako," akasema polepole, "nikingoja uniulize. Baba hawezi kuanza."