Chumvi Tuliyoichuja Kwenye Majivu

Enzi zetu chumvi haikununuliwa, ilidondoka! Ninyi mliokulia Arua miaka ile ya sabini mnanielewa. Ilidondoka tone, tone, kutoka kwenye chungu kibovu kilichotobolewa matundu chini, na sisi watoto tulikaa mbele yake tumekodoa macho kama watu wanaongoja mpira uanze. Mimi shule niliiacha darasa la nne, ya vitabu siyajui, lakini nipe chungu kile hata leo, nakitega bila kuuliza mtu.

Ngoja niwaeleze, maana wengine mmesahau na wajukuu zenu hawajui kabisa. Ukishapura ufuta, mabua usitupe! Yaache yakauke, yachome mahali palipofagiwa vizuri mpaka upate majivu meupe. Majivu ya kuni za jikoni usithubutu, yanachoma ulimi. Mama yangu alichanganya na majivu ya matete ya mtoni. Alisema ya ufuta yanalainisha mboga, ya matete ndiyo yanakoleza. Chini ya chungu unatandika nyasi, unashindilia majivu kwa kiganja, halafu unamwaga maji baridi polepole, polepole kabisa. Yanatoka chini yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukiwa na pupa ukamwaga maji mengi, unapata uchafu tu na majivu yako yamekwenda bure.

Sasa njoo kwenye osubi, yale majani ya kunde. Maji ya majivu yakishatokota, tupia majani, na sufuria usifunike, povu litafura lote limwagikie motoni. Bila kufunika, majani yanabaki kijani mpaka unatamani kuyala kwa macho. Tena yanaiva upesi hata kuni hazijaisha, na wewe uliyezibeba kichwani kutoka porini unajua faida yake. Hapo ndipo unaweka ufuta uliosagwa juu ya jiwe, unakoroga upande mmoja. Kama kuna kichwa cha samaki mkavu, hata kimoja, kitwange pamoja na mifupa yake, kitie. Nyumba nzima itajaa harufu! Unakula na enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama, moto moto, unauchovya mpaka kidole kinaungua na hujali.

Na onya je, wale kumbikumbi wa mvua za kwanza? Mafuta ya nini? Waweke kwenye kikaango kikavu, watatoa mafuta yao wenyewe. Kijana wa leo anamwaga mafuta nusu chupa kukaanga yai moja, halafu analia maisha ni magumu. Magumu wapi!

Tulikula vizuri na hatukuwa na kitu. Lakini kwa nini hatukuwa na kitu? Wengine wanasema nchi iliharibika, uchumi ulianguka, sijui nini na nini. Mimi nasema Aliga. Nalitaja jina lake wala siogopi tena. Aliga alikuwa mfanyabiashara aliyepewa kazi ya kugawa chumvi na sukari kwa watu wa upande wetu. Lori lilikuja, lilishusha magunia kwenye stoo yake, mlango ukafungwa. Ufunguo alikuwa nao Edema, shemeji yake. Mama zetu walipanga mstari na vikapu vyao, Edema akatoka anachokonoa meno. "Bado haijafika." Sisi tuliliona lori kwa macho yetu!

Na ole wako uonekane na chumvi ambayo haikutoka kwake. Hapo wewe ni mtu wa magendo. Jirani yetu Yosia, fundi cherehani, alirudi kutoka Kongo na chumvi kidogo ameifunga kwenye kitambaa. Aliga alimwonyesha kwa wanajeshi kwa kidole. Walimchukua mchana, watu wote wanatazama. Cherehani ilibaki barazani, mguu wa suruali uko nusu chini ya sindano. Yosia hajarudi mpaka leo.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Dada yangu Candiru alipata mchumba kutoka Koboko, kijana mpole, mchapakazi, na Candiru alimpenda mpaka alikuwa anasahau chungu motoni. Watu wa Koboko wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mahari, na msemaji wao atakuwa mjomba wa kijana. Mjomba mwenyewe nani? Aliga!

Baba aliweka jembe chini. Akasema, "Mimi namkaribishaje mtu huyu nyumbani kwangu?"

Mama akamjibu, "Kijana hakuchagua mjomba."

Lakini kwetu kuna desturi, ninyi mnaijua. Kabla ng'ombe hawajatajwa, msemaji anaonja mboga ya msichana. Ikiwa chapwa, anasogeza bakuli pembeni, anasema tutarudi siku nyingine, na siku hiyo haiji. Candiru alilia. Atapika nini cha kuwekwa mbele ya mtu aliyefungia chumvi yote? Mama akasema, "Lete mabua." Basi tukachoma, tukashindilia, tukachuja. Mama aliyaonja maji yale, akayamwaga, akaanza upya, akayaonja tena. Sijapata kuona maji yameangaliwa namna ile!

Wageni wakafika, wamevaa vizuri. Aliga mbele na koti lake, nyuma yake shangazi wa kijana, mama mmoja mkubwa wa mwili na sauti, jina lake Poni. Candiru akaleta osubi, akapiga magoti, akaweka. Aliga akamega enyasa, akachovya, akatafuna. Akachovya tena. Akachovya mara nyingine. Mimi nilikuwa nachungulia pembeni ya mlango wa jiko, moyo unaruka kwa furaha, nasema mwenyewe, anapenda! Anapenda!

Ghafla akaacha kutafuna. Akaitazama mboga, akamtazama baba.

"Hii mboga iko na chumvi."

Baba akasema, "Karibu, kula tu."

"Nauliza chumvi natoka wapi. Usinichezee. Chumvi yote ya hapa iko kwa stoo yangu, na mimi sijatoa hata kijiko tangu mvua naanza. Hii yenu ni magendo!"

Nilimwona baba anavyotazama njia ya kambini. Sote tulimfikiria Yosia. Candiru alikuwa bado amepiga magoti pale pale, hajui kama anyanyuke au abaki.

Lakini aliyezungumza kwanza ni Poni. Alitua bakuli lake chini, taratibu.

"Ngoja kwanza. Aliga, unasema chumvi iko?"

"Hayo si maneno ya leo, mama."

"Nauliza iko ao hakuna?"

Aliga akakohoa.

"Sisi Koboko nakula majani kama mbuzi!" Poni akapasuka. "Dada yako, mama ya huyu kijana, nakula kama mbuzi! Yeye natuma watoto kwako, unaambia wao haijafika. Kumbe iko! Iko nalala kwa gunia, iko nanenepa!"

Wazee wa upande wao wenyewe walianza kumgeukia Aliga. Yeye akainuka, akapiga kelele kwamba hayo ataulizwa na serikali, si na wanawake, na kwamba yeye anataka kuona hiyo chumvi ya magendo sasa hivi, la sivyo anaita wanajeshi wa kambi.

Mama akatoka jikoni. Amebeba chungu kibovu mikononi, kinadondosha maji juu ya miguu yake. Akakitua mbele ya viatu vya Aliga.

"Mkwe wangu, magendo ndiyo hii. Onja."

Aliga alichovya kidole, akaramba, akatema. Majivu yakamshika kwenye masharubu.

"Ni jivu hii!"

"Ndiyo, jivu," mama akasema. "Kama jivu iko na kosa, beba, peleka kambini. Waambie umekamata mabua ya ufuta."

Weee! Poni alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Wazee wakacheka. Hata kijana, mchumba mwenyewe, aliyekuwa ameinama kwa aibu, mabega yalimtikisika. Aliga alitoka bila kuaga, na Poni akajisogeza mahali pake kwenye mkeka, akavuta bakuli la mjomba, akalimaliza. Kisha akasema, "Haya, tuzungumze ng'ombe. Na mimi sitoki hapa bila kufundishwa hii chungu."

Msidhani tulishinda. Kwa muda mrefu baada ya siku ile baba hakulala ndani, alilala shambani kwenye muhogo. Wanajeshi hawakuja. Naamini ni kwa sababu Poni aliitangaza habari ile sokoni Koboko mpaka mpakani, na Aliga angemgusa baba kila mtu angejua ni kwa ajili ya nini. Lakini stoo hakuifungua. Hakuifungua kamwe! Mwaka wa sabini na tisa, serikali ile ilipoanguka, yeye na Edema walikimbilia Kongo, watu wakavunja mlango. Chumvi ilikuwa imeingiwa na unyevu, imeshikana magunia kwa magunia, imekuwa mwamba. Tuliipasua kwa majembe. Mama alibeba bonge moja, na hakulileta nyumbani, alilipeleka kwa mjane wa Yosia.

Candiru yuko Koboko, ni bibi sasa, na chumvi imejaa kila kibanda cha mtaa wake, iko kwenye pakiti, nyeupe kabisa. Bado anachoma mabua. Nikienda kumtembelea tunapika pamoja, tunapigana vijiko, tunagombana nani alizidisha ufuta, tunacheka kama wasichana. Wajukuu wanaziba pua. "Bibi anapika jivu!" Wao wanataka vile vidonge vya mchuzi vinavyofanya kuku, maharage na kabichi viwe na ladha moja. Lakini bakuli likishawekwa, nani anabakiza? Wanaramba mpaka chini, jicho moja kwenye bakuli, jicho moja kwenye simu.

Sisi tulikula jicho moja liko njiani, tukisikiliza kama kuna gari la wanajeshi. Nawatazama watoto hawa wanatafuna bila kugeuka nyuma hata mara moja, nasema asante Mungu. Lakini nakuapia, wewe uliyekuwepo utanisadiki, mboga ilikuwa tamu kuliko sasa.