Sikio la Kushoto la Shangazi

Shangazi yangu ni mpiga chapa. Kazi yake ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuigeuza kurasa. Sikio la kulia linasikiliza rekodi. La kushoto linasikiliza kompyuta ikimsomea anachoandika, maana macho yake siku hizi yanatofautisha mlango na dirisha, basi. Ofisini hakuna anayejua. Mimi najua, kwa kuwa ndimi niliyempachikia plagini ya kusoma, kiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya kihariri chake cha maandishi.

Kila wiki plagini zilidai matoleo mapya, na kila wiki aliniita. Nikachoka. Nina nusu ya diploma, na nusu hiyo ilinitosha kuandika skripti: kompyuta ikiwashwa tu, ivute matoleo mapya yote, ifute ya zamani, isimuulize mtu kitu.

"Umenipumzisha, mwanangu," alisema. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Juzi saa nne na nusu asubuhi akanipigia, ananong'ona.

"Sikio la kushoto limekufa. Lete waya mwingine wa sikioni, mbio. Saa sita bosi anapitia kazi zetu, na leo kuna mtu anapunguzwa."

"Umefika wapi?"

"Ukurasa wa tisa. Vidole vyangu havisubiri sikio, we mtoto."

Niliingia ofisini nahema, nimejifanya fundi. Nikatazama skrini. Waya ulikuwa mzima. Plagini ilijisasisha asubuhi, ikafungua dirisha kubwa juu ya kazi yake: KARIBU KWENYE TOLEO JIPYA. CHAGUA SAUTI. Hakuna aliyechagua, ikanyamaza. Tangu saa mbili shangazi alikuwa akiligonga dirisha lisilohifadhi hata herufi moja.

Nikatafuta toleo la zamani. Limefutwa. Na nani? Na msomi mwenye nusu ya diploma. Nikachagua sauti yoyote. Ikaanza kushuka kutoka mtandaoni, asilimia mbili, asilimia tatu.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

Bosi alikuwa ameshasimama nyuma yetu, kabla ya saa yake. "Mama, hebu nisomee mwanzo."

Shangazi akainua uso, akaanza. Ufunguzi, waliohudhuria, hoja ya mabomba ya maji, mpaka koma alizipumulia. Alikuwa ameshika kila neno alilosikia. Macho ameyakaza kwenye lile dirisha, sauti imejaa fahari. Nikamgusa bega, akanipiga kiwiko. Bosi akaangalia skrini, akamwangalia yeye, akairudisha kalamu yake ya kusahihishia mfukoni. Wapiga chapa wenzake wakaacha kugonga.

"Niendelee na ukurasa wa pili?" akauliza.

Ndipo dirisha likajifunga na sikio la kushoto likafufuka, kwa sauti ngeni, kubwa kiasi kwamba hata mimi niliisikia: "Ukurasa mtupu."

Shangazi akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.